Uzi maalumu: Kituo kidogo cha hali ya hewa shambani, kihisi kikae wapi?

#1 Mkulima_Uwemba

Wakuu, habari za mchana.

Nalima viazi na parachichi huku Uwemba, Njombe, mwinuko unakaribia mita 2,000. Mwaka jana nilinunua kituo kidogo cha hali ya hewa: joto, unyevu, mvua na upepo, vyote vinatuma kwa redio hadi kisanduku cha ndani. Sababu yangu ilikuwa moja, ukungu wa viazi. Mwenye viazi anajua. Hewa ikishika unyevu siku mbili mfululizo na baridi isipokuwa kali, majani yanatoa mabaka, na ukichelewa wiki moja hakuna cha kuvuna. Nilikuwa napiga dawa kila siku ya saba, mvua iwepo isiwepo. Nikataka nipige dawa kwa kuangalia hewa, siyo kalenda.

Fundi aliyenifungia alikipandisha juu ya paa la nyumba, nusu mita kutoka kwenye bati. Kilionekana vizuri toka barabarani nami nikaridhika. Miezi minne nimejaza daftari kwa namba zake, na karibu zote hazifai.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa ya Oktoba, saa nane mchana. Kisanduku kinasema nyuzi 33 na mimi nimevaa sweta. Nikachukua kipimajoto cha kawaida nikakitundika kivulini chini ya mparachichi, nikangoja dakika ishirini: 24. Bati lilikuwa limechemka, hewa ya juu yake imechemka, na kihisi kilikuwa kinanipa hali ya hewa ya bati. Usiku ikawa kinyume. Bati hupoa kuliko hewa, kwa hiyo kilisoma baridi ambayo shambani haikuwepo.

Mvua nayo vivyo hivyo. Niliweka kopo lenye kuta zilizonyooka chini, uwanjani. Baada ya mvua ya usiku mmoja yenye upepo, rula ndani ya kopo ilisema milimita 21, kituo cha paani 14.

Sasa nimehamisha kila kitu, nimerudia mara tatu. Naandika hapa ili anayeanza aanze vizuri, na wenye ujuzi wanisahihishe.

Joto na unyevu. Kihisi kikae juu ya nyasi fupi, mbali na zege, bati, ukuta na jiko. Kimo ni kati ya mita 1.25 na 2 toka ardhini, ndivyo vituo vya hali ya hewa vinavyofanya duniani kote. Changu kipo mita 1.5. Kinga yake iwe nyeupe, ipitishe hewa na isipitishe jua, wala lile la juu wala linalorudishwa na ardhi. Yangu nimeitengeneza kwa visahani vyeupe vya plastiki vya kuweka chini ya vyungu vya maua: vinane, vimepinduliwa kifudifudi, vimeshikwa na boliti ndefu tatu, pengo la sentimita moja na nusu kati ya kimoja na kingine. Cha juu kabisa na kinachofuata ni vizima, vya chini nimevitoboa katikati, humo ndimo kihisi kinaning'inia bila kugusa kitu. Jihadharini na plastiki nyembamba. Ukiinua kisahani juani ukaona mwanga unapita, basi joto nalo linapita. Mimi nilipaka rangi nyeupe mara mbili.

Kwa nini nakazania joto wakati shida yangu ni ukungu? Kwa sababu unyevu unapimwa ukilinganishwa na joto. Hewa yenye unyevu wa asilimia 95 ikipashwa nyuzi moja tu, kipimo kinashuka hadi karibu 89. Uingereza toka 2017 wakulima wa viazi wanatumia kanuni ya Hutton: siku mbili mfululizo, kila siku joto la chini kabisa lisipungue nyuzi 10, na unyevu ufike asilimia 90 kwa saa sita au zaidi. Hapo ndipo hatari ya ukungu inahesabiwa. Mstari ni 90. Kihisi changu cha paani kilikuwa kinavuka huo mstari kwenda na kurudi kwa sababu ya bati, na mimi nilikuwa nategemea kiniambie lini nipige dawa.

Mvua. Kipimamvua kikae mbali na chochote kirefu. Kipimo cha chini kabisa ni umbali mara mbili ya urefu wa kizuizi juu ya mdomo wa kipimamvua, na ukipata mara nne ni bora zaidi. Mti unaokipita kimo kwa mita 6, kaa mita 12, ukiweza 24. Na kiwe sawa kabisa kwa pima maji, kwa sababu ndani kuna kijiko cha pande mbili kinachojaa na kupinduka. Kikilala upande, upande mmoja unajaa mapema na hesabu yote inaharibika.

Upepo nauacha kwa wengine, kwa shamba langu siyo jambo kubwa.

Karibuni.

#2 Chipukizi_Mbeya

Siti ya mbele. Mkuu asante sana kwa hili.

Mimi nimejitengenezea mwenyewe, ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta yenye redio) na BME280 (kihisi cha joto, unyevu na mgandamizo wa hewa), vyote ndani ya kisanduku cha plastiki cha fundi umeme, nimekitoboa matundu. Kipo kivulini kabisa chini ya varanda. Lakini kinasoma nyuzi tatu nne zaidi ya kipimajoto cha ukutani, mchana na usiku. Nimebadilisha kihisi mara mbili, fedha imekwenda. Tatizo nini?

#3 Fundi_Redio_Tanga

Assalam alaykum wakuu.

@Chipukizi_Mbeya kihisi chako kizima, mdogo wangu, usinunue kingine. ESP32 ikiwa macho na redio yake imewashwa inatoa joto, na umeifungia chumba kimoja na BME280. Tenganisha. Kihisi peke yake ndani ya kinga, waya wa nyuzi nne wa nusu mita hadi mita moja, bodi na betri kwenye kisanduku kingine pembeni, kisiwe chini yake moja kwa moja maana joto hupanda. Halafu iandikie programu ilale: iamke kila dakika tano, isome, itume, ilale tena. Betri nayo itakushukuru.

Na hiyo varanda siyo kivuli cha kupimia. Ukuta unakunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku.

#4 Mzee_wa_Uwanja

Vijana, nimefurahi kuuona uzi huu. Nimesoma vipimo vya hali ya hewa miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, vituo vitatu tofauti, kimoja Nyanda za Juu Kusini hukohuko kwa mwenye uzi. Naomba niongeze machache.

Mahali pa kupimia tulipaita uwanja wa vipimo. Ni kipande cha nyasi, zinakatwa kila wakati, uzio wa waya wenye kupitisha upepo, siyo ukuta. Katikati kuna kibanda cheupe cha mbao chenye mbavu za kupitisha hewa. Kibanda hicho alikibuni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa huko Scotland, miaka ya 1860, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Visahani vya maua vya mwenye uzi ni mjukuu wa kibanda hicho, kazi ni ileile.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakukumbusha: kule mlango wa kibanda unaelekezwa kaskazini, ili ukifungua kusoma jua lisiingie. Kusini ya mbali unaelekezwa kusini. Sisi tulio katikati jua linatupita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka. Njombe kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la mchana liko kusini yenu, miezi mingine liko kaskazini. Kwa hiyo kibanda cha huku kinahitaji milango miwili, unafungua wa upande usio na jua kwa msimu ule. Nanyi mnaofunga vihisi kwenye nguzo kumbukeni hilo. Kivuli cha nguzo au cha paneli kitahama upande. Usifunge mwezi wa Juni ukadhani umemaliza, rudi uangalie Desemba.

Kuhusu mvua ya paani, kosa hilo limepimwa siku nyingi. Daktari mmoja wa London, William Heberden, aliweka vipimamvua vitatu: bustanini, juu ya nyumba, na juu ya kanisa la Westminster Abbey. Akaandika matokeo mwaka 1769. Kwa mwaka mzima cha bustanini kilipata inchi 22.6, cha juu ya nyumba 18.1, cha juu ya kanisa 12.1. Mvua ni ileile. Kinachotofautiana ni upepo: kadiri unavyopanda juu ndivyo upepo unavyokuwa mkali, unagonga kipimamvua, unaruka juu ya mdomo wake na kuyabeba matone kuyapeleka mbele. Ndiyo maana kipimamvua cha inchi tano tulichorithi kwa Waingereza mdomo wake unakaa sentimita 30 tu toka ardhini.

Na mvua yetu inasomwa saa tatu asubuhi. Ya siku ni kuanzia saa tatu ya jana hadi saa tatu ya leo. Vituo vyenu vinahesabu toka saa sita usiku. Ukitaka kulinganisha na kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, badilisha saa kwanza, la sivyo mtagombana bure.

#5 Mkulima_Uwemba

Shikamoo mzee. Umenipa kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Hilo la saa tatu limenieleza kwa nini namba zangu na za rafiki yangu wa mjini zinapishana siku moja kila mvua inaponyesha usiku. Nilidhani ni yeye anayekosea.

Swali moja mzee. Nikiweka sentimita 30, kuku wanapita, na mvua kubwa inarusha matope. Nimeweka 60. Nimekosea?

#6 Mzee_wa_Uwanja

Marahaba mwanangu. Hujakosea. Nchi nyingi huweka kati ya nusu mita na mita moja na nusu. Ukishachagua 60 ibaki 60 miaka yote, na iandike kwenye daftari. Kuku wajengee uzio. Nyasi ziwe fupi lakini ziwepo, zinazuia matone kudunda.

#7 Wambui_wa_Kinangop

Hamjambo nyote. Mimi ni mkulima wa viazi na kabeji huku Kinangop, Nyandarua. Nimesoma kutoka mwanzo na ningependa kuuliza jambo lenye uchungu kidogo.

Nilifuata kanuni hizo zote. Kihisi mita 1.5, kinga nyeupe, nyasi fupi, mbali na nyumba. Januari iliyopita niliweka simu inipigie kengele joto likifika nyuzi 1, niamke niwashe mitambo ya kunyunyizia maji, kwa sababu baridi ya alfajiri huku inaunguza viazi. Usiku mmoja usio na wingu hata moja, kengele haikulia. Kilichorekodiwa usiku kucha hakikushuka chini ya nyuzi 3.1. Asubuhi nikatoka nikakuta majani meupe, na jua lilipotoka yakawa meusi. Robo tatu ya ekari imeenda.

Kihisi kimejaribiwa, hakina kosa. Sasa, kanuni hizi ni za nani? Kwangu mimi, kituo kilicho mahali sahihi kilinidanganya.

#8 Mzee_wa_Uwanja

Pole sana mama. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu, na nitalijibu taratibu.

Kituo hakikukudanganya. Kilikuambia kweli kuhusu hewa ya mita 1.5. Majani yako hayakuwa mita 1.5.

Usiku wa mawingu, wingu ni kama blanketi. Usiku mweupe usio na upepo, ardhi na majani vinatupa joto lake angani moja kwa moja. Jani linapoa kwanza, hewa inayoligusa inapoa, inakuwa nzito, inakaa chini. Hewa ya juu yake inabaki na joto kidogo. Kati ya nyasi na kibanda tofauti ya nyuzi 3 hadi 5 ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo kibandani 3, kwenye jani chini ya sifuri. Sakitu, yaani umande ulioganda, inatua huku kipimajoto cha kibanda kinasema salama.

Sisi tulilijua hilo, ndiyo maana kila jioni tulikuwa tunatoa kipimajoto kingine, cha nyasini. Kinalazwa wazi, bila kinga yoyote, kikigusa ncha za nyasi fupi, sentimita chache toka ardhini. Asubuhi unakisoma na kukiondoa. Vituo vidogo vya kununua havina kitu hicho, na wauzaji hawakielezi.

Kanuni ya mita 1.5 iliwekwa ili Kinangop ilinganishwe na Njombe na Njombe na London. Ni kwa ajili ya kulinganisha. Viazi vyako havilinganishwi na mtu, vinataka kujua baridi ya pale vilipo. Ongeza kihisi cha pili, cha nyasini, na kengele uifunge kwenye hicho.

#9 Fundi_Redio_Tanga

Dada Wambui pole. Kwa kazi hiyo chukua kihisi cha joto cha DS18B20, ile yenye kichwa cha chuma na waya uliofunikwa, haiogopi maji. Usahihi wake nusu nyuzi, kwa hiyo kengele weka nyuzi 1 au 1.5 usingoje sifuri. Ilaze mlalo juu ya vijiti viwili vyembamba usawa wa majani ya juu ya viazi, na majani yakikua inyanyue. Hii pekee ndiyo isiyofunikwa. Mchana itasoma upuuzi kwa jua, usiijali. Usiku ndiyo kazi yake.

#10 Mkulima_Uwemba

Dada Wambui, nimesoma habari yako nikaenda moja kwa moja kwenye vinyungu vyangu.

Kwa wasiojua, vinyungu ni bustani za bondeni tunazolima kiangazi, chini kabisa kwenye unyevu. Kwenu baridi hiyo inakuja Januari, kwetu Juni na Julai, lakini kote ni kiangazi, usiku mweupe. Kituo changu kipo mgongoni mwa kilima, karibu na nyumba. Vinyungu viko chini mita kama 40 hivi. Wazee huku husema baridi inashuka bondeni usiku kama maji, nami nilichukulia ni maneno tu.

Usiku wa juzi nilipeleka kihisi cha akiba bondeni, kinga ileile ya visahani, mita 1.5 ileile. Alfajiri saa kumi na moja: kilimani 8.4, bondeni 4.9. Kinga moja, kimo kimoja, shamba moja. Na hapo bado sijaweka cha nyasini.

Kwa hiyo nimebadilisha mawazo yangu ya post ya kwanza. Kabla hujauliza kihisi kikae wapi, jiulize unataka kikujibu nini. Ukungu: usawa wa shamba, kinga nzuri, mita 1.5, kwa sababu kanuni ya asilimia 90 imetengenezwa kwa vipimo vya namna hiyo. Sakitu: bondeni, kwenye majani, bila kinga.

#11 Dereva_Mstaafu

Samahani wakuu, kwani simu haitoi hali ya hewa? Naona mnapata taabu nyingi.

#12 Mkulima_Uwemba

@Dereva_Mstaafu karibu mzee wangu. Simu inatoa, na utabiri wa kesho mimi naangalia hukohuko. Lakini namba ya simu imekokotolewa kwa eneo la kilomita kadhaa kwa mpigo. Kilima changu na vinyungu vyangu kwake ni nukta moja. Tofauti ya 8.4 na 4.9 haiwezi kuiona.

#13 Fundi_Redio_Tanga

Naomba niseme habari ya upepo na ya pwani, maana mmeuacha.

Upepo kawaida hupimwa mita 10 juu ya ardhi ya wazi, na umbali toka kwenye kizuizi uwe mara kumi ya urefu wake. Nyumba ya mita 5, kaa mita 50. Wengi hatuna nafasi hiyo. Ukiweka mita 2 juu ya nyasi fupi mahali pa wazi utapata takriban robo tatu ya upepo wa mita 10, na kwa hesabu za umwagiliaji hiyo mita 2 ndiyo inayotakiwa. Lakini nyuma ya nyumba au mti hakuna hesabu itakayokuokoa, upepo unazunguka tu.

Nguzo ndefu ni rafiki wa radi. Bomba la chuma lishushwe waya mnene hadi fimbo ya ethi ardhini, na usiipandishe wewe mwenyewe wingu likiwa linanguruma. Nyaya za kuishikilia ziwe tatu, zifungwe vitambaa vyekundu ili mtu asijikwae usiku.

Alama ya kaskazini ya mshale wa upepo ielekeze kaskazini kwa dira, tofauti ya dira na kaskazini halisi kwetu ni ndogo, siyo ya kukunyima usingizi. Sisi wa pwani tuna dira nyingine. Mwezi wa Julai ni kusi. Mshale ukikwambia wiki nzima upepo unatoka kaskazini, umeufunga kinyume. Januari ni kaskazi, angalia tena. Niliwahi kumrekebishia mtu kituo kilichokuwa kinyume miaka miwili, na nahodha yeyote wa pale angemwambia siku ya kwanza.

Na chumvi. Hapa mita 300 toka baharini bodi isiyokingwa haimalizi mwaka, miguu ya viunganishi inaota kijani. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya bodi na kwenye lehemu zote, mara mbili. Kile kitundu cha kihisi usikiguse hata kidogo, ukikiziba umekiua. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

#14 Chipukizi_Mbeya

Nimetenganisha kihisi na bodi kama ulivyosema kaka. Tofauti sasa nusu nyuzi. Asante sana, nilikuwa nimekata tamaa.

Lakini kuna kingine. Mgandamizo wa hewa. Unapanda asubuhi, unashuka mchana, unapanda tena usiku, unashuka alfajiri. Kila siku, hata siku ambazo hakuna wingu wala mvua. Na namba yenyewe ni 830 na kitu wakati mtandaoni wanasema 1013. Kihisi cha bei rahisi?

#15 Mzee_wa_Uwanja

Kizima kabisa mwanangu, na umekiona kitu ambacho wenzetu wa nchi za baridi hawakioni kirahisi, kwa sababu kwao dhoruba zinakifunika.

Hewa yote ya dunia inapwa na kujaa kama bahari, kwa sababu ya jua kuipasha. Huku kwetu mgandamizo unafika juu kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kabisa karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali chache, ndicho kipimo cha hiyo 830 yako. Kihisi kinachochora mawimbi hayo mawili kila siku ni kihisi kinachofanya kazi vizuri. Kijana akija kazini kwetu, mchoro huo ndio tuliokuwa tunamwonyesha kwanza.

Hiyo 830 ni kwa sababu ya mwinuko wa Mbeya. Wanaosema 1013 wameirudisha hadi usawa wa bahari ili sehemu zote zilinganishwe. Programu yako ipe mwinuko sahihi itafanya hesabu hiyo. Ukikosea mwinuko kwa mita 8 hivi umekosea hektopaskali moja kwa walio pwani. Kihisi cha mgandamizo kinaweza kukaa hata ndani ya nyumba, hicho ndicho kisicho na masharti, ila kisipigwe na jua wala upepo wa dirishani.

#16 Mwalimu_Kibosho

Nimechelewa kuuona uzi. Nafundisha sekondari huku Kibosho, tuna klabu ya wanafunzi na tunataka kituo shuleni. Eneo letu limebanwa: madarasa pande tatu, uwanja wa mpira, kahawa. Na vifaa vinaibiwa. Tufanyeje?

#17 Mkulima_Uwemba

Mwalimu, shule ni mahali pazuri kuliko mnavyofikiri. TAHMO, mradi wa vituo vya hali ya hewa Afrika, wameweka vituo vingi mashuleni kwa sababu hizohizo: uwanja upo, uzio upo, macho yapo.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina madaraja ya mahali pa kipimo, la 1 ndilo bora, la 5 la mwisho. Kwa joto, daraja la 1 linataka mita 100 toka kwenye lami, zege na majengo, la 2 mita 30, la 3 mita 10. Kona ya mbali ya uwanja wa mpira itakupa la 3, labda la 2. Daraja la 3 lililoandikwa wazi kwenye daftari linafaa kuliko la 1 la kudai. Simameni pale kwenye kihisi, pigeni picha nne, kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, na mrudie kila mwaka, maana kahawa na miti ya kivuli inakua.

Kuhusu wizi, paneli ndiyo inayovutia. Iweke ndogo, boliti zake ziponde vichwa. Na waambieni majirani ni nini. Kwangu watu wawili walikuja kuniuliza kwa heshima kama kile cheupe kinazuia mvua. Niliwafungulia kila kitu, tukamwagia maji kipimamvua, wakaona namba inapanda kwenye kisanduku. Sasa wao ndio wanaonipigia nikiwa mjini kuniambia ng'ombe ameegemea nguzo.

#18 Mzee_wa_Uwanja

Mwalimu, na ninyi nyote wa Tanzania, kabla ya kuanza kutangaza vipimo hadharani nendeni ofisi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iliyo karibu. Kuna sheria ya mwaka 2019 inayohusu vituo na taarifa za hali ya hewa. Nimefanya kazi na watu wale, mwalimu akija na wanafunzi wanamsaidia. Kutoa tahadhari kwa umma ni kazi yao, siyo yetu.

#19 Wambui_wa_Kinangop

Kihisi cha nyasini kimefika, nimekilaza leo jioni. Kabla ya kukiamini nikipime vipi?

#20 Mkulima_Uwemba

Dada, barafu. Ponda barafu ijae kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza kichwa cha kihisi katikati kisiguse kikombe, ngoja dakika kumi ukikoroga. Kinapaswa kusoma sifuri. Kikisema 0.4, andika, na utoe 0.4 kila mara. Usitumie maji yanayochemka, huko juu kwenu hayafiki nyuzi 100.

Unyevu nao una kipimo cha jikoni. Kifuniko cha chupa, chumvi ya mezani, matone ya maji hadi iwe kama uji mzito. Weka pamoja na kihisi ndani ya chombo kinachofungwa kabisa, mahali ambapo joto halibadiliki, uache usiku kucha. Hewa ya mle ndani itatulia kwenye asilimia 75. Chumvi isikiguse kihisi.

Kipimamvua: pima kipenyo cha mdomo. Changu sentimita 16.5, eneo lake karibu sentimita za mraba 214. Nusu lita ya maji hapo ni milimita 23.4 za mvua. Nilitoboa chupa ya nusu lita kwa sindano, nikaiacha idondoke zaidi ya saa nzima. Kituo kikahesabu 22.2. Nikazungusha skrubu za chini ya kijiko kidogo kidogo hadi 23.2, nikaacha hapo. Ukimwaga haraka haitakuwa haki, kwa sababu kijiko kikiwa kinapinduka maji yanapotea, na ndiyo maana hata mvua kubwa sana inasomwa pungufu. Kopo la kuta zilizonyooka sijaliondoa, lipo palepale pembeni mpaka leo.

Na safisha. Nyigu walijenga ndani ya faneli yangu Novemba, mvua mbili zikasomwa sifuri.

#21 Wambui_wa_Kinangop

Barafu: 0.3. Nimeandika.

Jana usiku anga ilikuwa wazi. Saa tisa na robo kengele imelia. Cha nyasini 1.2, cha kwenye kinga 4.6. Nimetoka na kijana wangu tumefungua maji, hatukufunga mpaka jua lilipotoka na barafu yote ikayeyuka. Safu mbili za pembeni ambazo maji hayakufika zimeungua. Zilizobaki ziko kijani.

Ahsante Mzee. Ahsante Fundi. Wiki ijayo nahamisha bomba lifike na hizo safu mbili.